Shahada ya miaka miwili ya Kiingereza: usiingie kichwakichwa kama mimi

Ukisema unasoma Kiingereza Marekani, watu wanadhani unajifunza kuongea. Dada yangu alinipigia kutoka Tanga: "Kwani shuleni miaka yote ile ulikuwa unasoma nini?" Nilicheka, ila hata mimi nilijiandikisha chuo cha jamii (community college) hapa California bila kujua ninachoendea.

Shahada hiyo ya miaka miwili, Associate of Arts, ni krediti 60, ndipo unahamia chuo kikuu. Kozi nyingi zina krediti tatu, kwa hiyo piga hesabu ya kozi kama 20, na za Kiingereza chenyewe hazifiki nusu. Zilizobaki ni historia, sayansi na hisabati. Ndiyo, hisabati! Niliikimbia kidato cha nne, kumbe ilitangulia kunisubiri huku.

Hapo ndipo nilipopoteza muhula mzima. Nilipangiwa aljebra ya ngazi ya chini, nikaihangaikia baada ya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, nikafaulu. Kumbe haihamishiki, chuo kikuu nilichotaka kuhamia kilikuwa kinapokea kozi ya takwimu (statistics). Kwa hiyo kabla hujasajili kozi yoyote, ingia tovuti ya assist.org uone zipi zinapokelewa huko uendako, uchapishe orodha, ndipo umwone mshauri wa masomo. Usimwendee mikono mitupu, ana foleni ndefu nje ya mlango. Ulizia pia shahada ya kuhamia chuo kikuu, AA-T. Inakuhakikishia nafasi katika mfumo wa California State University, japo si lazima iwe kampasi uliyoipenda.

Mwenye green card au mkimbizi ajaze mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali. Wa viza ya mwanafunzi, F-1, hapati Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, na kwa kawaida lazima abebe krediti 12 kila muhula.

Sasa insha. Ya kwanza niliifungua kwa methali, kama tulivyozoea, nikazunguka taratibu hadi hoja yangu ikatokeza ukurasa wa tatu. Mwalimu hakugusa sarufi. Alipigia mstari sentensi yangu ya mwisho, akachora mshale mrefu kupita kurasa zote mpaka juu kabisa, akaandika: "Anzia hapa."

Nikaenda kituo cha uandishi, bure kwa kila mwanafunzi, nikaipandisha ile sentensi. Insha ikabaki kurasa mbili. Methali niliikata, na mpaka leo inaniuma.