Uzito wa mama wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua: ushauri kwa wauguzi wanaoanza kazi kliniki

Mkipangiwa kliniki ya mama na mtoto, huenda kazi ya kwanza mtakayokabidhiwa ikawa ya mizani, na kwa kuwa huonekana nyepesi, wengi huifanya kwa haraka: mama anapanda, kilo zinaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Nawasihi msiizoee kwa namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, huku asilimia 10 wakiwa wembamba kupita kiasi. Maana yake ni kwamba kwenye benchi moja hukaa mama anayehitaji kuongezewa chakula na mama anayehitaji kupunguziwa mafuta na sukari, na ushauri mmoja unaotolewa kwa wote asubuhi hauwezi kuwatosha wawili hao.

Kwa mimba ya mtoto mmoja, mwongozo unaotumika sana ni ule uliotolewa Marekani mwaka 2009, unaotegemea uwiano wa uzito na urefu (BMI) kabla ya mimba, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye uwiano chini ya 18.5 anatarajiwa kuongezeka kilo 12.5 hadi 18, mwenye 18.5 hadi 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Mwenye 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, na mwenye 30 au zaidi, kilo 5 hadi 9. Ugumu ni kwamba mama wengi hufika mimba ikiwa imeshakua, wala hawajui walikuwa na kilo ngapi kabla. Hapo angalieni kasi: kuanzia mwezi wa nne, mama mwenye uzito wa kawaida huongezeka takriban gramu 400 kwa wiki, na mwenye kiribatumbo takriban nusu ya hizo. Akiongezeka ghafla huku uso na mikono vikivimba, acheni habari za chakula kwanza. Mpimeni shinikizo la damu na protini kwenye mkojo siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba.

Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika jamii zetu mwanamke aliyenenepa huonekana ametunzwa vizuri, na mama mkwe anayempakulia mjamzito sahani ya pili anafanya hivyo kwa upendo, hivyo muuguzi akimwambia mama mbele ya wenzake kwamba amenenepa sana, anamwaibisha mama huyo na kuitukana nyumba yake. Mketisheni pembeni, mwulizeni alikula nini jana tangu alipoamka, kisha msikilize mpaka amalize. Mara nyingi utakuta tatizo haliko kwenye ugali wala wali, bali kwenye soda, chai yenye sukari nyingi, maandazi na chipsi zinazoliwa katikati ya milo. Wale wanaoambiwa nyumbani wale kwa ajili ya watu wawili, waelezeni kwamba miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza kubwa, na kwamba katika miezi mitatu inayofuata nyongeza ya kilokalori 340 kwa siku inapatikana kwenye bakuli moja la maharage na ndizi mbivu moja. Msimwambie yeyote apunguze uzito akiwa mjamzito. Lengo ni kuongezeka kwa kiasi kinachomfaa. Chai nayo isinywewe pamoja na mlo wala na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani kwa mjamzito asiye na katazo la kitabibu. Anayelima na kuchota maji kila siku hahitaji kuhimizwa kutembea. Pengine anahitaji mumewe aelezwe kwamba apumzishwe. Anayekaa dukani tangu asubuhi ndiye wa kuhimizwa.

Pengo kubwa zaidi ninaloliona huanza baada ya kujifungua. Mama hurudi kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa ajili ya chanjo, kisha miezi 9 na 18, na kila mara mtoto hupimwa uzito huku mama aliyembeba akibaki amesimama kando ya mizani. Mpimeni na yeye. Kilo zisizopungua baada ya uzazi mmoja ndizo mama anazoanza nazo mimba inayofuata, na kupanga nafasi ya angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine huupa mwili muda wa kurudi katika hali yake. Siku arobaini za uji na supu msizipinge, kwani anayenyonyesha anahitaji chakula cha kutosha. Shaurini tu sukari na samli zipungue na mboga za majani ziongezwe. Yule aliyepata kisukari cha mimba anapaswa kupimwa tena sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12, muda unaokutana na chanjo za mtoto. Andikeni tarehe ya kipimo hicho kwenye kadi ya mtoto, kwa kuwa kadi ya mama mwenyewe huachwa nyumbani mara tu anapojifungua.