Doa kwenye MRI baada ya mionzi ya kichwa si lazima liwe saratani iliyorudi

Mkuu, umeeleza kwamba mama yako alipigwa mionzi ya kichwa mwaka juzi, akapata nafuu, na sasa anasahausahau. MRI mpya, yaani picha ya ndani ya ubongo, imeonyesha doa, na ndugu wameshaanza kukata tamaa. Mimi si daktari. Nimemuuguza kaka yangu kwa tatizo linalofanana na hili, na kwa muda wote huo nimesoma tafiti na kuwabana madaktari kwa maswali. Nakuomba msikate tamaa kabla doa hilo halijajulikana ni nini.

Anza na tarehe: dalili zilianza muda gani baada ya mionzi. Maumivu ya kichwa na kutapika wakati wa matibabu hutokana zaidi na ubongo kuvimba, na dexa (deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) hutuliza. Uchovu na usingizi mzito wa miezi ya mwanzo baada ya kumaliza mara nyingi huisha wenyewe. Yanayokuja baada ya miezi sita, au hata miaka mingi baadaye, ndiyo mazito. Mishipa midogo ya damu inakuwa imeharibika, mafuta yanayofunika nyuzi za neva yamepungua, na penginepo nyama ya ubongo inakufa kabisa. Huko kufa ndiko wanakoita nekrosisi.

Kaka alitibiwa saratani ya nyuma ya pua, na mionzi ya saratani hiyo hupita karibu sana na pande za ubongo zilizo usawa wa masikio. Akapona, akarudi kazini. Miaka ikapita, kisha akaanza kulalamika kwamba kuna mpira unaungua jikoni. Tunakwenda kuangalia, jiko limezimwa na hakuna harufu yoyote. Mara anakodoa macho, anatafunatafuna na mdomo hauna kitu, na akizinduka hakumbuki lolote. Nyumbani tulimwombea sana. Daktari wa neva aliposikia habari ya ile harufu tu, akasema ni kifafa kinachoanzia upande huo wa ubongo, akaagiza MRI.

Ripoti ikaandika kwamba huenda saratani imerudi, huenda ni nekrosisi. Usishangae ukikuta maneno hayo, kwa sababu vyote viwili hunywa dawa ya kung'arisha picha na vyote huvimbisha ubongo. Kilichotusaidia ni faili la zamani la mionzi. Daktari aliweka ramani ya dozi kando ya MRI mpya, na doa likaangukia pale pale mionzi ilipopita kwa nguvu. Kisha ikafanyika MRI ya kupima mtiririko wa damu: uvimbe wa saratani kwa kawaida hujaa damu, nyama iliyokufa haina. Hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachomaliza ubishi peke yake, na wapo wanaolazimika kukatwa kinyama kikapimwe maabara.

Kwa upande wa dawa, zamani ilikuwa dexa na kungoja. Mwaka 2011 watafiti wa Houston, Marekani, walijaribu bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa kuvuja. Wagonjwa walikuwa 14 tu, lakini waliopewa dawa wote walipata nafuu kwenye picha, na waliopewa maji ya chumvi badala ya dawa hakuna hata mmoja. Mwaka 2018 Wachina wa Guangzhou, ambako saratani ya nyuma ya pua ni ya kawaida, waliilinganisha na steroidi kwa wagonjwa 112: asilimia 65.5 waliitikia, dhidi ya 31.5. Ni habari njema kweli, ila uvimbe unaweza kurudi dawa ikisimama, presha inaweza kupanda, na bei yake inaumiza.

Mimi kinachonipa moyo zaidi ni utafiti wa kuzuia madhara haya yasitokee. Mwaka 2016 Wamarekani walionyesha kwamba kwa wenye madoa 1 hadi 3 ya saratani iliyosambaa kichwani, kuongeza mionzi ya ubongo mzima juu ya mionzi ya kulenga madoa tu hakukurefusha maisha, na baada ya miezi 3 waliopungukiwa uwezo wa akili walikuwa asilimia 91.7, dhidi ya 63.5 kwa waliolengwa tu. Mwaka 2020 ukaja wa wagonjwa 518: ubongo mzima unapigwa lakini hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, inakwepwa, na wagonjwa wa makundi yote mawili wanapewa memantini, dawa ya kusaidia kumbukumbu. Kwa waliokwepwa hipokampasi, hatari ya akili kuzorota ilipungua kwa asilimia 26 kuliko kwa waliopigwa ubongo mzima bila kukwepa. Hayo ndiyo ya kuuliza kabla ya mionzi kuanza, na wengi wetu hatuambiwi. Ile mionzi ya kasi ya ajabu, FLASH, imelinda kumbukumbu za panya. Kwa mama yako bado.

Kwa hiyo omba faili la mionzi alikotibiwa: dozi, idadi ya awamu na ramani. Ni haki yenu. Muulize daktari kama doa liko ndani ya eneo lililopigwa, na kama MRI ya mtiririko wa damu inapatikana. Kama anatumia dexa, msiikatishe ghafla, na sukari yake ipimwe. Akipata degedege, au kichwa kikizidi kuuma huku anatapika, mkimbizeni hospitali usiku huo huo.