Kupaliwa: maswali yenu kutoka Bukavu

Mama hutukemea tukisema huku tunakula, eti tutapaliwa. Ni kweli? (Msichana, Kadutu)

Ni kweli, na mama ana haki ya kukemea. Chakula na hewa vinatumia njia moja mpaka nyuma ya koo, kisha vinaachana: mbele kuna njia ya hewa, nyuma kuna umio, yaani njia ya chakula. Weka kidole kwenye zoloto, kile kigumu cha mbele ya shingo, kisha meza mate. Umelihisi linapanda? Wakati huo pumzi imesimama kwa muda mfupi sana, kama sekunde moja. Zoloto linaingia chini ya shina la ulimi, kifuniko chake cha gegedu, ule mfupa laini, kinalala nyuma, na ndani nyuzi za sauti zinabana. Wengi wanasifu kifuniko tu, lakini mimi nawataka mzikumbuke nyuzi hizo. Ukisema au ukicheka, lazima ziachie hewa ipite, na tonge liko hapo hapo juu.

Baba alipata kiharusi. Uji mzito unapita, lakini maji yanampalia. Kwa nini? (Bagira)

Maji yanakimbia, mama. Amri ya ubongo ikichelewa, yanafika kabla njia ya hewa haijafungwa. Uji mzito unashuka polepole. Mketishe wima, mpe kijiko kidogo, ngoja ameze kabisa ndipo umpe kingine. Asile amelala.

Kuna jambo linaloniuma sana: familia hufurahi kusema, "Sasa hakohoi tena." Kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi koo limepoteza hisia, maji yanaingia mapafuni kimya, halafu nimonia inafuata. Msikilize akishakunywa. Sauti ikitoka na majimaji, au akipata homa na kupumua mbiombio, mpelekeni kwa dokta siku hiyo hiyo.

Mwiba wa samaki umenikwama. Nimeze tonge la fufu? (Nguba)

Hapana. Tonge linaweza kuusukuma ndani zaidi. Nenda kituo cha afya wautoe.

Mtoto akipaliwa na karanga, tumpe maji? (Muuza karanga, Nyawera)

Msimpe. Akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kulia na kupumua, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Bado? Simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia yote. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka 1 habanwi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, halafu mgeuze ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Mwingine atafute msaada wakati huo.

Hata akipata nafuu, kikohozi kisichokwisha au mluzi kifuani unataka dokta. Karanga huweza kushuka hadi mapafuni, mara nyingi upande wa kulia, ambako tawi la hewa ni pana na limenyooka zaidi. Walio chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima. Zitwangeni muzitie kwenye sombe.