Re: Kumfikisha binti kwenye sherehe ya kushtukizwa, Ngamiani

Dada, salaam. Umeuliza utamfikishaje binti yako nyumbani kwa rafiki yake Jumamosi anapotimiza miaka 16, bila kushtukia, na ameshaanza kudadisi.

Kabla ya keki, nenda mwenyewe ukaongee na mama wa huyo rafiki. Usimtume mtoto. Mwaka jana mimi nilimtegemea mwanangu apeleke ujumbe. Siku ilipofika baba wa nyumba hana habari, na watoto 12 wako mlangoni na maputo. Niliona aibu mno.

Halafu simu. Siri yetu ilivuja kwa picha ya keki ambayo mwenzao mmoja aliiweka stetasi WhatsApp. Waambie marafiki asubuhi ya siku yenyewe, si wiki nzima kabla.

Kumfikisha ni rahisi kuliko unavyodhani: mtume. Mpe sahani ya visheti imefunikwa kawa, ampelekee mama wa rafiki yake. Binti akitumwa kwa jirani haulizi. Iwe saa 10:30 jioni, wale na wacheke kabla ya magharibi, maana wenyeji wataswali na mabinti wengine wanatakiwa kwao mapema. Zungumza na dereva wa bajaji unayemfahamu awarudishe.

Kuhusu ile desturi ya kummwagia mwenye siku ya kuzaliwa maji na unga, iwe uani tu, na simu yake ichukuliwe kwanza. Kama hapendi kuloweshwa mbele ya wavulana, wakataze kabisa. Wewe ndiye unayemjua.