Tumbo baada ya kutolewa kifuko cha nyongo

Kifuko kimeondoka, nyongo haijaondoka. Ini bado linayatengeneza majimaji haya yanayosaidia kusaga mafuta, kiasi cha mililita 500 hadi 1,000 kwa siku, ila limebaki bila ghala. Awali kifuko kilihifadhi mililita 30 hadi 50 za nyongo iliyokolea, kikaimimina pale mafuta yalipoingia kwenye utumbo mwembamba. Sasa inachuruzika mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Ndiyo maana kinachosumbua si mafuta yenyewe, bali mafuta mengi kwa mkupuo: nyongo iliyopo inazidiwa, yasiyosagwa yanateremka hadi utumbo mpana, na hapo huja gesi, tumbo kuunguruma na choo chenye mafuta kinachoelea.

Wiki za kwanza, gawa chakula cha siku katika milo midogo 5 au 6. Chemsha, oka au pika kwa mvuke. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko cha chai badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa, maana jicho hudanganya. Vyakula vya pakiti, chagua vyenye gramu 3 za mafuta au pungufu kwa kila gramu 100. Lakini usiyaache mafuta kabisa, kwani vitamini A, D, E na K huyahitaji ili zifyonzwe. Vyakula ulivyoviacha, rudisha kimoja kila baada ya siku 2 au 3, ukiandika tumbo lilivyokipokea. Ukirudisha vitatu kwa pamoja hutamjua mkosaji.

Kuharisha asubuhi, mara tu baada ya kifungua kinywa, ni jambo jingine. Asidi za nyongo zisizofyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba huuchokoza utumbo mpana utoe maji. Hapa kupunguza mafuta tu huenda kusitoshe. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama za shayiri, hunasa sehemu ya asidi hizo. Anza na kidogo, ukizifakamia gesi itakuadhibu. Kahawa iache kwanza. Hali ikizidi wiki 4, mwone daktari: ipo dawa iitwayo kolestiramini inayozinasa asidi hizo. Tatizo lake hunasa na dawa nyingine, hivyo hizo zinywe saa moja kabla yake, au saa 4 hadi 6 baadaye.

Kufunga choo siku za mwanzoni mara nyingi husababishwa na dawa kali za maumivu. Kunywa maji, tembea.

Ila homa, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai kali, choo cheupe au maumivu makali chini ya mbavu za kulia, usivitafutie dawa jikoni. Huenda jiwe limebaki kwenye mrija wa nyongo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.