Fundi, waya wa simu yangu ya zamani nitaujuaje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Ohio huku Marekani, nimenunua simu ya mezani ile ya kuzungusha namba, chini imeandikwa Western Electric 500, ya bluu. Waya wa mkonga, ule wa kujiviringisha, umekakamaa mpaka umepasuka na sauti inakatika-katika nikiugusa. Mtandaoni nakuta waya kibao zote eti za simu za zamani, nichukue upi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera, hiyo simu ni chuma kweli. Usinunue kwa jina la simu, nunua kwa ncha za waya. Simu hizi zilikuwa za kukodi, kampuni inazirudisha karakana inabadilisha vifaa inazitoa tena, kwa hiyo tarehe ya chini inaweza kuwa ya mwaka mmoja na mkonga wa mwaka mwingine kabisa.

Kwanza chomoa simu ukutani, maana ikiita umeshika nyuzi, umeme wa kengele unafika kama volti 90 na utarushwa. Sasa angalia mwisho wa mkonga. Ukiona plagi ndogo ya plastiki inayochomoka, hiyo ni ya kuanzia miaka ya 70, nunua waya wa mkonga wa plagi, na plagi yake ni nyembamba kuliko ile ya ukutani usije ukazichanganya. Kama waya unaingia tu ndani, fungua vifuniko vya mkonga kwa kuzungusha, utakuta nyuzi 4: nyeupe 2 zimefungwa kwa skrubu kwenye spika ya sikioni, nyekundu na nyeusi upande wa kuongelea. Huo ndio unaoutaka, wenye vibati vya panda, yaani vilivyogawanyika kama uma, kwenye ncha. Ukiona tangazo la nyuzi 3 zilizofunikwa kitambaa achana nalo, mara nyingi ni la 302, simu iliyoitangulia hii yako.

Na tafadhali usikate ukaunga. Ndani ya kila uzi hakuna waya wa shaba wa kawaida, kuna utepe mwembamba sana wa metali umezungushwa kwenye nyuzi za nguo ili waya upinde mara elfu bila kukatika, ukiupiga solda nguo inaungua na utepe haushiki, ndo maana kiwandani wanaubana na kibati. Hakikisha pia waya mpya una kile kishikizo cha kukaa kwenye mdomo wa mkonga, bila hicho kila ukivuta unavuta skrubu.

Kwenye kitako legeza skrubu 2 za chini, inua ganda, piga picha kila uzi ulipofungwa kabla hujagusa chochote. Ukiwa hapo angalia kipande cha waya kilichokuwa kimefichwa ndani, jua halijakifikia, hiyo ndo bluu yake halisi, mtumie muuzaji picha yake.