"Huddle": kusongamana, kujikunyata au kuteta?

SWALI: Natafsiri video za wanyama na michezo. Neno la Kiingereza "huddle" linanisumbua. Pengwini wanaelezwa kwa neno hilo, wachezaji vilevile, na juzi nimelikuta kwa mtu aliyekaa peke yake kwenye kona! Kamusi yangu inasema "songamana", basi. Asili yake ni nini, na nilitafsirije?

JIBU: Ndugu yangu, kamusi haijakosea, ila imeishia njiani. Abiria wa daladala wanasongamana kwa sababu nafasi hakuna. Kwenye "huddle" nafasi huenda ikawa tele, lakini watu wanasogeleana wenyewe kutafuta joto, usalama au siri.

Neno hili lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza karne ya 16. Asili yake bado inabishaniwa, ila wengi hulihusisha na ukoo wa "hide", yaani kuficha. Kijerumani kina "hudern", kuku anapowafunika vifaranga kwa mbawa zake, na mimi naona picha hiyo inaeleza neno kuliko kamusi nyingi.

Zamani lilikuwa pia na maana ya kurundika ovyo. Katika ule mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mtawala anataja hasara "zilizo-huddle" mgongoni mwa Antonio. Hapo hakuna joto wala siri, ni mzigo juu ya mzigo. Kwa maandishi ya zamani, basi, jaribu kwanza "rundikana".

Maana ya michezo ina kisa kitamu. Chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, kilikuwa na timu ya futiboli ya Kimarekani. Miaka ya 1890 nahodha wa mashambulizi, Paul Hubbard, aligundua kwamba wapinzani, hasa wa shule nyingine za viziwi, wanasoma ishara za mikono anapopanga mchezo. Akawakusanya wenzake kwenye duara, migongo nje, mikono ndani. Yeye ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo huo. Kwa hiyo ukiwaona wachezaji wameinamiana, usiandike "wamesongamana", msomaji atadhani wanagombea mpira. Andika "wamefanya duara wanateta" au "wanapanga mbinu".

Kwa pengwini, "wamebanana kukwepa baridi" inatosha. Madume wa pengwini wakubwa wa Antaktika hufanya hivyo majira ya baridi, kila mmoja na yai juu ya miguu yake, huku wakisogea taratibu na kubadilishana nafasi. Ukiandika "msongamano" utaua maana yote hiyo.

Yule wa kwenye kona kajikunyata. Neno tunalo, tena zuri kuliko la kwao.

Na ukikutana na "huddle" ya ofisini, ile ya dakika chache watu wakiwa wamesimama, andika "kikao kifupi" uendelee na kazi.